Maji Yaingiayo Motokari Yaanzia Wapi?

Tangu mwezi wa tano hata mwezi wa tisa mwenye motokari katika mji wetu wa Lubumbashi hana haja ya kujua kama chombo chake chavuja. Mbingu zimefungwa, vumbi jekundu ndilo adui, naye aweza kukaa miezi minne au mitano akidhani kwamba ana kitu kizima. Kisha jakaranda huchanua, joto la mwezi wa kumi huzidi, mawingu hukusanyika upande wa kaskazini, na mvua ya kwanza huanguka usiku. Asubuhi mama aingia garini kwenda misa, akanyaga zulia, na soksi za mtoto aliye mapajani mwake zalowa maji hata vidole.

Hapo maneno huanza. Baba asema kwamba watoto waliacha kioo wazi. Watoto waapa kwamba walikifunga. Fundi wa kando ya njia aitwa, naye aleta mrija wake wa silikoni, apaka pale palipo na maji, apokea fedha zake na kwenda zake. Mvua ya pili yaja, zulia lalowa kama kwanza. Fundi aitwa tena, apaka tena, alipwa tena. Kufika Noeli motokari inanuka kama kisima kilichoachwa, na baba amekwisha kutoa fedha ambazo zingelipa karo ya mtoto mmoja.

Sasa tuseme neno lenyewe. Mahali maji yaonekanapo si mahali yaingiapo. Tone liingialo juu ya paa, kwenye ufa usiopita unene wa unywele, hutembea chini ya kitambaa cha dari, hushuka ndani ya nguzo ya mlango, hupita chini ya zulia, na kutokeza mbele ya kiti cha nyuma, mbali na pale lilipoanzia. Mwenye kupaka gundi penye unyevu amefunga njia ya kutokea, wala hakugusa njia ya kuingilia. Kazi ya kwanza, basi, ni kutafuta. Na kazi hiyo baba na watoto wake waweza kuifanya wenyewe kwa ndoo, kipande cha chaki na asubuhi moja ya Jumamosi.

Lakini kabla ya kutafuta mvua, hakikisheni kwamba ni mvua. Motokari ina maji yake yenyewe. Ile mashine ya kupoza hewa hutoa jasho, nalo jasho hutokea kwa mrija mdogo chini ya gari. Mrija ukizibwa na vumbi, maji hurudi ndani na kumwagika miguuni mwa yule akaaye upande usio na usukani. Nasi hapa Lubumbashi tuna magari ya namna mbili, yale ya Ulaya yenye usukani wa kushoto na yale ya Japani yenye usukani wa kuume, hivyo kila mtu na aangalie upande wake. Alama yake ni hii: siku ya joto, mashine ikiwa imewashwa kwa nusu saa, matone yapaswa kuanguka chini ya gari. Kama ardhi ni kavu na zulia limelowa, mmekwisha kumpata mwizi. Tena kuna maji ya rejeta, ambayo hupita ndani ya kifaa cha kutia joto nyuma ya dashibodi. Hayo huteleza vidoleni, na kama yametiwa dawa yake huwa na rangi ya kijani au nyekundu na harufu ya utamu. Msiyaonje, na msiwaache watoto wala mbwa wayaonje. Utamu ule ni sumu. Kwa vyovyote, zulia lilowalo katika mwezi wa saba halilowi kwa mvua. Mwezi wa saba wa Katanga hauna mvua.

Yakiisha kuthibitika kwamba maji ni ya mbinguni, yafaa kwanza kujua ni mengi kiasi gani. Mvua ya milimita 1 juu ya meta 1 ya mraba ni lita 1. Motokari ya kadiri ina urefu wa meta 4 na robo hivi na upana wa meta 1 na sentimeta 70, yaani kama meta 7 za mraba. Dhoruba moja ya milimita 30, nasi twazijua dhoruba za namna hiyo, humwagia motokari lita 210, zaidi ya pipa zima la mafuta. Kwa mwaka mji wetu hupata milimita 1,200 hivi, na karibu zote huanguka katika miezi sita. Hesabu hiyo yatoa lita 8,400 juu ya motokari moja ilalayo nje. Hakuna mtengenezaji aliyejaribu kuyazuia maji hayo yote kwa mpira na gundi. Walifanya kama mwashi afanyavyo juu ya nyumba: walichimba mifereji. Motokari imejaa mifereji ambayo mwenyewe haioni, na nyingi za motokari zivujazo katika mji wetu hazina kipande kilichovunjika, ila zina mfereji ulioziba.

Mfereji mkubwa kuliko yote uko chini ya kioo cha mbele. Maji yote ya kioo hushukia pale, kwenye kile kichungi chenye matundu kilicho kati ya kioo na kifuniko cha injini, huingia katika birika la chuma lililofichwa chini yake, na kutoka kwa matundu mawili, moja kuume na moja kushoto, hata yakamwagika nyuma ya magurudumu ya mbele. Katika birika hilo hilo ndimo upepo wa kuburudisha watu uvutwapo. Mnaona hatari yake. Majani yakiziba matundu, birika hujaa kama beseni, na maji yakifika kimo cha ule mlango wa upepo, humwagika ndani bila kizuizi.

Na majani hatuyakosi. Waliopanda njia za mji huu walitupatia kivuli cha jakaranda, na nyuani mwetu kila mtu ana mwembe wake, ndio mahali pa kuegeshea motokari jua lisiipasue. Vijani vya jakaranda ni vidogo kama punje za mchele. Hupita katika kichungi, huoza, hushikamana na vumbi letu jekundu, na baada ya miaka miwili huwa udongo wa kuweza kuotesha mbegu. Tumeona birika ambamo mche wa mwembe ulikuwa umekwisha kuota majani mawili.

Twajua nyumba moja katika Katuba ambamo matundu hayo mawili yalileta huzuni kubwa. Baba wa nyumba aliishi kwa teksi, gari la Japani la miaka zaidi ya ishirini. Alikaa naye mtoto wa dada yake, kijana wa miaka kumi na mitano, aliyeletwa kutoka Likasi kwa ajili ya shule. Kazi ya kijana kila jioni ilikuwa kuosha gari na kulifunga. Mvua zilipoanza zulia la mbele, upande wa kushoto, lilionekana limelowa. Mara ya kwanza mjomba alinyamaza. Mara ya pili alisema. Mara ya tatu abiria mmoja alikataa kulipa, akaonyesha kanzu ya mke wake iliyoharibika.

“Mjomba, mimi nilifunga vioo vyote vinne,” kijana alisema.

“Basi maji yalifungua mlango kwa mkono wao?”

“Mjomba, sijui. Lakini nilifunga.”

Mtoto akisema sijui, watu wazima husikia uwongo. Akapewa nauli, akarudishwa kwa mama yake katikati ya masomo, na mjomba mwenyewe alifunga vioo kuanzia siku hiyo. Juma moja halikupita, mvua ya usiku ilinyesha, na asubuhi zulia lilikuwa bwawa. Hapo alikuja jirani, mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana ya reli, akafungua kifuniko cha injini, akatia mkono chini ya kile kichungi, akatoa magao mawili ya majani meusi kama kahawa, ya mwembe na ya jakaranda yamechanganyika. Akamwaga ndoo moja ya maji juu ya kioo. Maji yakatoka kwa kishindo nyuma ya gurudumu. Kazi yote haikufika robo saa.

Jumapili iliyofuata mjomba alishika njia ya Likasi, mwendo wa kilomita 120 hivi. Waliyosemezana ni yao. Kijana alirudi darasani akiwa amekosa majuma matatu, na mtihani ulikuwa karibu.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji wetu, kabla ya kutafuta kosa la mtu, watie mkono katika birika hilo. Lisafishwe mara mbili kwa mwaka, mara ya kwanza mwisho wa mwezi wa tisa, mvua hazijaanza bado. Waya laini hutosha kuzibua matundu, lakini usisukumwe kwa nguvu, maana baadhi yake yana mpira mwembamba mwishoni ambao hupasuka upesi.

Birika likiwa safi na maji yakaendelea kuingia, ndipo kazi ya kutafuta kwa utaratibu ianze. Chagueni siku kavu. Toeni mikeka, inueni zulia lote hata chuma kionekane, na ile sponji nene iliyo chini yake itolewe juani, maana hunywa maji kama godoro, nayo juu yaweza kuonekana kavu huku chini imejaa. Kausheni chuma kwa kitambaa. Kisha sageni chaki, au chukueni poda ya mtoto, mnyunyize juu ya chuma kikavu, kwenye vizingiti vya milango, juu ya miinuko ya magurudumu ya nyuma na chini ya dashibodi. Unga pia wafaa, lakini unga ni chakula, na mama atawauliza. Tone likipita katika poda huacha mstari, na mstari huo husomwa kama nyayo za mnyama katika mchanga. Mahali pa kusimama wima, ambapo poda haishiki, bandikeni vipande vya gazeti kuukuu. Hata hili letu, likiisha kusomwa na nyumba nzima, laweza kufanya kazi hiyo.

Sasa mmoja na aingie ndani na tochi, milango na vioo vifungwe, na mwingine abaki nje na maji. Mwenye mpira wa bomba autumie, lakini maji yatiririke polepole tu. Penye bomba lisilotoa maji kila saa, kopo lililotobolewa kwa msumari na ndoo mbili hufanya kazi ile ile. Yale mashine ya kuoshea magari kwa nguvu yasitumiwe kabisa. Husukuma maji mahali ambapo mvua haingefika kamwe, nanyi mtaziba tundu lisilo na hatia.

Tena hapa ndipo wengi huharibu: humwaga maji juu ya paa kwanza. Maji hushuka kote, gari zima hulowa, tone huonekana ndani, na hakuna ajuaye limetoka wapi. Anzeni chini. Loweni kizingiti cha mlango mmoja peke yake, mngoje dakika kumi. Halafu sehemu ya chini ya mlango huo, mngoje. Halafu kioo cha mlango. Halafu pembe ya chini ya kioo cha mbele, halafu ubavu wake, halafu ukingo wake wa juu, na paa iwe ya mwisho. Tone likionekana ndani, mwajua kwamba njia yake iko katika kile kipande mlicholowesha sasa hivi, maana vya chini yake vimekwisha kupita mtihani. Ni kazi ya uvumilivu. Mtoto wa miaka kumi ataifanya ndani kuliko baba yake, kwa kuwa macho yake ni makali, mwili wake ni mdogo, naye huona fahari kukabidhiwa tochi.

Angalieni pia mteremko. Kama motokari yenu hulala na pua juu, ijaribiwe na pua juu, maana juu ya uwanja wa sawasawa maji yaweza kufuata njia nyingine kabisa. Na dereva asikilize gari likiwa mwendoni: maji yakimwagika miguuni mwake anapokanyaga breki, yalikuwa yamelala katika dari au nyuma ya dashibodi, yakimwagika ubavuni anapokata kona, yamo katika kizingiti. Lakini kama motokari ililala katika mvua usiku kucha na asubuhi ni kavu, kisha yalowa baada ya kupita madimbwi, msiangalie juu tena. Maji yanarushwa na magurudumu, nayo huingia kwa sakafu iliyooza, kwa vizibo vya mpira vilivyopotea chini, au kwa matundu ambayo nyaya hupitia katika ukuta wa chuma kati ya injini na watu.

Katika milango kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalielezi. Mlango wa motokari umetengenezwa uingize maji. Mvua hushuka juu ya kioo, hupita katika ule mpira mwembamba unaokipangusa, huingia tumboni mwa mlango, na kutoka kwa matundu yaliyo chini kabisa. Kati ya tumbo hilo na ubao wa ndani wenye kitambaa pamebandikwa karatasi ya plastiki kwa gundi nyeusi inatayo. Karatasi hiyo ndiyo mlinzi wenyewe. Siku kioo kilipokwama, fundi alifungua ubao, akairarua karatasi, akatengeneza kioo, akairudisha imekunjamana au akaitupa. Tangu siku hiyo kila mvua humwagika chini ya ubao na kulowesha zulia, na mwenye gari hununua mipira mipya ya milango bila faida. Mkisikia maji yakicheza ndani ya mlango kama katika mtungi mnapoufunga, matundu ya chini yameziba, kijiti chatosha. Mkiona maji yashuka chini ya ubao, fungueni, tieni karatasi mpya ya plastiki nene, ibandikwe ukingo wote kwa gundi isiyokauka, na sehemu ya chini yake ielekezwe ndani ya mlango ili matone yarudi tumboni.

Mpira wenyewe wa mlango hupimwa kwa kipande cha karatasi ngumu. Fungeni mlango juu yake, kisha mwivute. Ikitoka kwa shida, mpira unashika. Ikitoka bila kuhisi kitu, mahali pale pamelala. Jua la nchi hii, katika kimo cha meta 1,200 juu ya bahari, hukausha mpira hata ukapasuka kama kisigino cha mtu atembeaye pekupeku. Kuna na njia nyingine ipendezayo watoto: washeni upepo wa gari kwa nguvu zote, wa kuvuta hewa ya nje, fungeni kila kitu, kisha pakeni maji ya sabuni nje kuzunguka vioo na milango. Hewa itokapo hufanya mapovu, na penye mapovu mvua nayo ina mlango.

Kioo cha mbele chataka maneno yake. Malori ya njia ya Kasumbalesa na ya Likasi hurusha mawe, na motokari nyingi za hapa haziko tena na kioo zilichozaliwa nacho. Katika magari ya zamani, kama Volkswagen ya mgongo wa kobe au Peugeot 404, kioo kilishikwa na mpira mnene wenye mdomo, na mpira huo ukichakaa hubadilishwa. Katika yale yaliyokuja baadaye kioo kimebandikwa juu ya chuma kwa gundi ngumu. Fundi mwenye haraka hubandika kioo kipya juu ya kutu, na gundi haishiki kutu. Yashika miezi miwili, kisha yaachia. Hapo hakuna dawa ya kupaka kwa nje. Kioo hutolewa, kutu hukwanguliwa hata chuma cheupe, rangi hutiwa na kuachwa ikauke, ndipo gundi mpya. Ni gharama, twakubali. Lakini kutu iliyo chini ya kioo hailali.

Juu ya paa angalieni ile mistari miwili mirefu iliyofunikwa kwa utepe mweusi. Chini yake muna kiungo cha chuma kilichojazwa lami, nayo lami hupasuka kwa jua. Angalieni skrubu za chombo cha kubebea mizigo na mguu wa antena ya redio. Kama kuna dirisha la paa, jueni kwamba nalo, kama mlango, halikutengenezwa kuzuia maji yote. Lina birika lake, na mirija midogo pembeni ishukayo ndani ya nguzo. Peugeot 504 nyingi zilikuwa na dirisha hilo. Mwageni kikombe kimoja katika pembe ya birika, mwangalie kama chatoka chini ya gari.

Nyuma, katika sanduku la mizigo, inueni gurudumu la akiba kwanza. Shimo lake ni kisima cha maji ya taa za nyuma, ambazo vipande vyao vya mpira hunyauka, na ya mpira wa kifuniko. Ili kuona yaingiapo, lazeni kiti cha nyuma na kumulika kutoka ndani. Mtoto asifungiwe katika sanduku hilo hata kwa dakika moja, wala kwa mzaha.

Wenye Volkswagen ya mgongo wa kobe, nao wangaliko wachache waipendao kama ng'ombe wa ukoo, tunawaambia neno moja zaidi. Ziliundwa zaidi ya milioni 21, ya mwisho katika nchi ya Meksiko mwaka 2003, na katika zote betri hukaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kuume. Maji yakilala pale, sakafu huliwa na tindikali na kutu pamoja, na siku moja betri hukalia hewa. Tena kifuniko cha betri kikipotea, mtu mnene akiketi, chuma cha kiti chaweza kugusa ncha zake na moto ukawaka. Inueni kiti hicho kila mwezi wa mvua.

Basi tundu limeonekana. Silikoni tuliyoitaja hapo juu, ile yenye harufu ya siki inapokauka, isitumiwe juu ya chuma: siki hiyo yenyewe huleta kutu chini ya gundi, na rangi haitashika tena juu yake. Kuna gundi za magari, ngumu kidogo na ghali kidogo, zisizo na harufu hiyo. Wala msikubali ushauri wa kutoboa sakafu kwa keekee ili maji yatoke. Sakafu ya motokari ina vizibo vyake tangu kiwandani. Ng'oeni kimoja, maji yatoke, mkirudishe. Tundu la keekee halina rangi, na katika mwaka wa pili mtaona njia kwa miguu yenu.

Wanunuzi nao wafikirie haya. Motokari za Japani hutufikia kwa bandari ya Dar es Salaam, zikapita Zambia, safari ya karibu kilomita 2,000, na muuzaji huziosha na kuzipaka manukato kabla hatujaziona. Msinuse hewa, nuseni zulia. Tazameni skrubu zishikazo viti. Zikiwa na kutu nyekundu, maji yamekwisha kulala hapo siku nyingi. Katika motokari za siku hizi nyaya nyingi hupita chini ya zulia, na baadhi zina vifaa vya umeme chini ya viti. Vikilowa, taa huwaka bila sababu na injini hukataa asubuhi, na hakuna fundi atakayeona ugonjwa kwa kutazama injini peke yake. Muuzaji asiyetaka zulia liinuliwe, mwacheni na gari lake.

Yabaki kukausha, na hapo akina mama hutupita wote kwa busara, maana wajua nguo iliyokunjwa mbichi hufanya nini. Kuvu iotayo katika sponji mbichi hudhuru kifua, hasa cha mtoto mwenye pumu, naye ndiye aketiye nyuma na vioo vimefungwa kwa sababu ya mvua. Sponji isikaushwe ndani ya gari. Itolewe, ikanyagwe juu ya saruji hata maji yaishe, ioshwe kwa sabuni kama inanuka, ianikwe juu ya ua, igeuzwe mchana. Katika mwezi wa kumi siku mbili hutosha. Katika mwezi wa pili, penye mvua kila alasiri, yaweza kuhitaji juma zima, na gari liendeshwe na sakafu tupu siku hizo, hata kama abiria watacheka. Kabla ya kurudisha chochote, lazeni gazeti kavu juu ya chuma, na jingine chini ya sponji, mwache mvua moja nzito ipite. Asubuhi yake yainueni yote mawili na kuyapinda mkononi. Likiwa laini, rudini kwenye ndoo na chaki, mwanze tena na kizingiti cha mlango unaofuata.